Kishikio cha kabati kinunuliwe kabla fundi hajatoboa

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi kwenye safu yako ya barua. Hivi karibuni ukurasa wenu wa nyumba na samani uliwashauri wasomaji wachague vishikio vya makabati ya jikoni na bafuni vilingane na rangi ya koki za maji. Ushauri si mbaya, ila umeanzia mkiani. Rangi ndiyo ya mwisho kuchaguliwa. Kabla yake kuna mambo ambayo yakikosewa hayafutiki kwa msasa: umbali kati ya matundu, urefu wa skrubu na madini yaliyotengenezea kishikio. Hakuna hata moja kati ya hayo linaloonekana kwenye picha ya simu, na siku hizi wateja wengi huingia dukani na picha ya simu tu.

Tuelewane kwanza kwenye majina. Kirungu ni kile kidogo cha mviringo kinachoshikwa na skrubu moja. Mkono ni kile kirefu chenye matundu mawili, kiwe cha upinde, cha bomba au bapa. Kwa mafundi na wauzaji vyote ni hendeli, na swali la dukani huwa moja: "Ya tundu moja au mawili?" Ukijibu "mawili" ukaondoka na pakiti, bado hujanunua kitu.

Mkono hununuliwa kwa umbali kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya tundu la pili. Bidhaa nyingi za China na Ulaya hufuata hesabu ya 32: milimita 64, 96, 128, 160, 192, 224, 256, 320. Hesabu hii ilizaliwa kwenye viwanda vya makabati vya Ulaya, ambako matundu ya rafu na bawaba ubavuni mwa kabati hutobolewa na mashine kila baada ya milimita 32. Urefu wa mkono wenyewe haukuambii lolote. Mkono wa bomba wenye matundu ya 128 unaweza kuwa na urefu wa 188, na mwingine wenye matundu hayohayo ukafika 220, kwa kuwa ncha zake zinapita miguu. Mteja akipima kishikio cha zamani ncha kwa ncha, akamwambia muuzaji "nataka cha sentimita 19", atapewa cha matundu ya 128 au cha 192 kutegemea muuzaji ameelewaje, na nyumbani matundu yatakataa.

Kupima kwa usahihi ni kazi ya nusu dakika. Geuza kishikio, weka rula ya chuma, anza ukingo wa kushoto wa tundu la kwanza, soma ukingo wa kushoto wa tundu la pili. Kushoto kwa kushoto hukupa umbali uleule wa katikati kwa katikati, bila kukisia katikati ya tundu iko wapi. Futi ya kuvuta haifai hapa, kwa sababu ile ndoano ya mwanzo hucheza milimita moja hivi kwa makusudi, ili ipime sawa ndani na nje. Ukilazimika kuitumia, anzia kwenye alama ya sentimita 10, kisha toa 10.

Kuna vishikio vya inchi vinavyoingia kwa njia ya makabati ya mitumba na mizigo ya ndugu walioko Marekani. Huko vipimo vya kawaida ni inchi 3, inchi 3 na robo tatu, inchi 4 na inchi 5. Ya 3 na robo tatu ni milimita 95.25, hivyo inakaa kwenye matundu ya 96 bila ugomvi: tundu la mlango ni la milimita 5 na skrubu ni ya 4, kwa hiyo kila upande una nafasi ya kunyemelea nusu milimita. Ya inchi 5 ni 127, imepungukiwa na 128 kwa milimita nzima. Hiyo inakwenda kwa kusukuma au kwa kupitisha tupa ndogo kwenye tundu. Ya inchi 4 ni 101.6 na ya inchi 3 ni 76.2. Hizo hazina mwenzao, usipoteze muda. Skrubu zake nazo ni tofauti. Zetu ni M4, yaani unene wa milimita 4 na hatua ya 0.7 kwa kila jino. Za Kimarekani zina unene wa karibu 4.2 na hatua ya karibu 0.8. Ukiichukua ya Kimarekani ukaingiza kwenye kishikio cha M4 itazunguka mara mbili tatu kisha igome. Anayelazimisha kwa keekee ya umeme anakata meno ya ndani, na zinki, madini ya vishikio vingi vya bei nafuu, ikishakatwa meno haina tiba ya maana.

Kwenye skrubu ndiko kuna malalamiko mengi kuliko kwingine, na hapa wauzaji wanachangia. Kishikio kingi huja na skrubu za urefu mmoja, milimita 22 au 25, kana kwamba milango yote ya dunia ina unene mmoja. Kanuni ni unene wa mbao kujumlisha milimita 5 hadi 8. Mlango wa bodi ya 16 unataka skrubu ya 22. Wa 18 unataka 25: milimita 7 zinaingia ndani ya kishikio, sawa na mizunguko kumi ya meno, na hapo pameshika. Ukitumia 22 kwenye mlango wa 18 zinaingia 4 tu. Itakaza vizuri siku ya kwanza. Baada ya miezi kadhaa ya kuvutwa na watu wazima na kuning'iniwa na watoto, kishikio kinabaki mkononi mwa mtu.

Skrubu ndefu kupita kiasi ina udanganyifu wake. Inafika mwisho wa tundu la kishikio kabla kichwa chake hakijagusa mbao. Fundi anasikia imegoma, anaona imekaza, kumbe kishikio kinacheza. Akiongeza nguvu, ncha ya skrubu inasukuma uso wa kishikio kutoka ndani, na kwenye vile vyembamba vya bati unaona uvimbe mdogo upande wa mbele. Dawa ni kuikata, na hata kukata kuna namna yake: funga kwanza nati ya M4 kwenye skrubu, kata kwa msumeno wa chuma, piga tupa kwenye ncha, halafu fungua nati. Inapotoka inanyoosha meno yaliyopindwa na msumeno. Asiyeweka nati atahangaika kuingiza skrubu ambayo jino lake la kwanza limelala. Zipo pia skrubu ndefu zenye mikato kila baada ya milimita chache, za kuvunjwa kwa koleo kwa urefu unaoutaka; ukizikuta nunua za akiba.

Droo ni habari nyingine. Droo nyingi za kisasa zina sanduku lake, halafu uso wa mbele unabandikwa juu ya sanduku hilo. Unene wa 18 wa uso ukijumlisha na 16 wa sanduku ni 34, kwa hiyo skrubu ni ya 40. Fundi akikuta kwenye pakiti ziko 25 tu, njia ya haraka anayoifanya ni kutoboa sanduku kwa keekee nene ili kichwa cha skrubu kizame, abane uso peke yake. Inafanya kazi, lakini uso ule sasa unashikiliwa na skrubu chache za ndani tu, na kila mvuto wa droo iliyojaa sufuria unauchomoa taratibu. Skrubu ndefu inayopita vyote viwili inashona uso na sanduku pamoja. Tofauti ya bei kati ya hizo mbili ni ndogo kuliko nauli ya fundi kurudi.

Sasa kirungu au mkono? Jikoni tunaegemea mkono, na sababu yetu si urembo. Kirungu kina skrubu moja, kwa hiyo kinazunguka, na kila kikizunguka skrubu inalegea. Tone la rangi ya kucha kwenye meno ya skrubu kabla ya kukaza linasaidia sana, na unaweza kufungua tena ukitaka. Kirungu pia kinadai vidole vibane. Anayekanda unga wa chapati na vidole vyake vina mafuta hawezi kukibana bila kukichafua. Mkono wa upinde anaufungua kwa kidole kidogo au kwa kiwiko. Bibi au babu mwenye maumivu ya viungo vya vidole hali yake ni hiyohiyo. Kanuni za Marekani za majengo yanayofikiwa na watu wenye ulemavu zinataka kishikio kifunguke kwa mkono mmoja bila kubana wala kusokota, na kwa nguvu isiyozidi nyutoni 22 hivi. Si lazima tuige kanuni za watu, lakini kipimo chake ni kizuri na hakihitaji chombo: kunja ngumi, jaribu kufungua droo. Ikifunguka, kishikio kinafaa.

Kabla ya kulipa, ingiza vidole vinne nyuma ya mkono. Nafasi kati ya kishikio na mlango isipungue milimita 25. Mwenye mikono mikubwa atataka 30. Vile vyembamba vilivyolala karibu na mlango vinapendeza kwenye picha, halafu kucha zinachora rangi ya mlango hadi panakuwa na alama ya mwezi mchanga chini ya kila kishikio.

Jambo ambalo magazeti ya samani ya nje hayawezi kulisema, kwa kuwa si lao, ni kanga na dera. Mkono wa bomba ambao ncha zake zinapita miguu una ndoano mbili, moja kila upande. Mtu anapita na sinia la chai, ncha inaingia kwenye pindo la dera au mkanda wa aproni, droo inafunguka yenyewe au nguo inachanika, na mara nyingine chai inamwagika. Mfuko wa suruali nao hunaswa. Kwenye njia nyembamba ya jikoni, na zaidi kwenye kabati la sinki la bafuni ambako watu wanapita wamejifunga kanga au taulo, chukua mkono ambao ncha zake zinarudi mlangoni, ule wa umbo la upinde. Na kama nyumbani kuna mtoto anayejifunza kutembea, angalia ncha hizo zimefika usawa wa jicho lake. Kwa kawaida zimefika.

Tukija kwenye madini, wakazi wa Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Unguja wasikubali ushauri uleule anaopewa mtu wa Dodoma au Nakuru. Hewa ya bahari ina chumvi, na nyumba nyingi za Dar zinatumia maji ya kisima yenye chumvi pia. Vishikio vingi vya bei nafuu ni vya aloi ya zinki iliyomiminwa kwenye kalibu, kisha ikapakwa tabaka jembamba la kromu au nikeli. Tabaka likiwa zima, kishikio kinang'aa. Likipata mkwaruzo au kitundu cha ncha ya sindano, unyevu unaingia, zinki inaoza chini kwa chini, na unaona malengelenge na unga mweupe. Watu husema kishikio "kimeshika kutu", lakini zinki haitoi kutu nyekundu. Ukiona nyekundu, ndani kuna chuma cha kawaida, au inayooza ni skrubu.

Neno stenlesi, yaani chuma kisichoshika kutu kirahisi, linatumika vibaya sana madukani. Kuna daraja la 304, lenye kromu kama asilimia 18 na nikeli kama asilimia 8, na kuna la 201, ambalo sehemu kubwa ya nikeli imebadilishwa na manganizi ili bei ishuke. La 201 linapata madoa ya kahawia haraka pwani. Wateja wengi wamefundishwa kujaribu kwa sumaku: isiposhika, ni stenlesi safi. Si kweli. Daraja la 201 nalo kwa kawaida halishiki sumaku. Sumaku inamkamata anayeuza chuma kilichopakwa kromu, basi. Haitenganishi 201 na 304. Hapo umebaki na maandishi ya pakiti na uaminifu wa muuzaji. Hata 304 ikiwa hatua chache kutoka baharini itatoa madoa kama ya chai isipofutwa. Daraja la 316, lenye molibdenamu, ndilo linalovumilia zaidi, ingawa kwa vishikio vya kabati ni nadra kuliona.

Uzito ni kipimo kingine cha haraka. Mkono mnene unaoonekana wa chuma lakini mkononi ni mwepesi kama wa plastiki ni bomba tupu lenye ukuta mwembamba. Si kosa, bomba tupu linaweza kudumu, ila tazama pale mguu unapoingia: kama mguu umebanwa tu bila kuchomelewa wala kufungwa kwa skrubu, utaanza kuzunguka.

Shaba ya njano pwani hatuhitaji kuhubiriwa. Njumu za milango ya Zanzibar na Lamu, na zile za makasha ya zamani, ni ushahidi wa kutosha kwamba shaba inaishi na chumvi kwa vizazi. Inafifia, inakuwa nyeusi, halafu ukiisugua kwa ukwaju au ndimu na chumvi inarudi. Lakini hakikisha ni shaba tupu na si zinki yenye rangi ya dhahabu. Geuza kishikio, kwaruza kwa ncha ya kisu ndani ya tundu la skrubu mahali pasipoonekana: njano ikiendelea ndani, ni shaba, ikitokea kijivu, ni zinki. Na kama shaba hiyo imepakwa vanishi kiwandani, usiipelekee ukwaju. Ukwaju utakula vanishi vipande vipande na kishikio kitakuwa na mabaka.

Bafuni adui mkubwa hayuko kwenye maji ya kuoga. Yuko ndani ya kabati la sinki lenyewe: chupa ya dawa ya klorini na chupa ya asidi ya kusafishia choo, vimefunikwa nusunusu. Mvuke wake unakaa humo usiku kucha na kula bawaba, skrubu na mgongo wa kishikio. Ndiyo maana utakuta uso wa kishikio unang'aa huku tundu linatiririsha mstari wa kutu juu ya mlango mweupe. Chupa hizo zihamishwe, na asidi isikae wala kumwagika pamoja na klorini hata kidogo, maana zikikutana zinatoa gesi ya sumu. Kwa bafuni pia tupa skrubu zilizokuja kwenye pakiti, nunua M4 za stenlesi. Alumini iliyotiwa rangi kwa umeme inafaa bafuni na ni nyepesi, ila haipendi dawa kali za kuzibua mabomba. Nyeusi zilizopuliziwa rangi ya unga zinachubuka kwenye kona, na pete ya kidoleni inamaliza kazi. Kauri haiozi, inapasuka ukiikaza bila kuiwekea washa ya mpira, ile pete nyembamba ya chini ya skrubu. Mbao ngumu, mninga au mpingo, tunaipenda, lakini kirungu cha mbao kiwe na nati ya shaba ndani, si skrubu ya mbao iliyong'ata nyuzi tupu.

Kutoboa. Hapa hata kishikio cha bei kubwa kinaharibika. Makabati yetu mengi ni ya MDF au chipbodi, yaani bodi za mbao iliyosagwa na kugandishwa, zenye melamini, lile tabaka gumu la kufunika uso. Keekee ikipita kutoka mbele kwenda nyuma bila kizuizi, inang'oa melamini upande wa kutokea, pande la ukubwa wa ukucha. Bana kipande cha mbao chakavu nyuma ya mlango kwa klampu, bandika selotepu ya karatasi mbele, anza na keekee ya milimita 2 au 3, malizia na ya 5. Iwe kali. Keekee butu haitoboi melamini, inaipasua. Toboa kutokea mbele kila mara, kwa sababu upande wa mbele ndio unaoonekana na keekee huwa inapinda kidogo inapotoka.

Bafuni, kabla ya kufunga kishikio, ziba ukuta wa ndani wa tundu. MDF ni nyuzi laini za mbao zilizogandishwa. Tundu la 5 ambalo halijazibwa ni mdomo wa kunywea maji. Mlango unavimba kuzunguka kishikio kama jipu, na uvimbe ule haurudi. Paka vanishi ndani ya tundu kwa njiti ya kiberiti, au tone la gundi ya papo hapo, acha likauke, ndipo uingize skrubu.

Mahali pa kutoboa pana mazoea yaliyothibitika. Mlango wa kabati la chini: kishikio kiwe pembe ya juu, upande ulio mbali na bawaba. Mlango wa kabati la juu: pembe ya chini, upande huohuo ulio mbali na bawaba. Kirungu hukaa milimita 50 hadi 75 kutoka ukingo wa juu au wa chini. Kwenye mlango wa fremu, kiwe katikati ya upana wa fremu. Fremu ya 60, tundu kwenye 30. Kwenye mlango bapa, 35 hadi 40 kutoka ubavuni. Droo fupi, katikati. Droo ndefu kwenda chini, ile ya masufuria, weka kishikio theluthi ya juu, mtu asiiname. Droo pana kuanzia 600 hivi wengi huweka virungu viwili, na hapo tunatofautiana nao kidogo: watu huvuta kimoja tu, kwa sababu mkono wa pili umeshika kitu, na droo inakwenda upande mmoja mpaka reli zinalegea. Mkono mmoja mrefu katikati ni bora. Urefu wa kama theluthi ya droo unapendeza: droo ya 450 na mkono wa 160, ya 600 na 192, ya 900 na 320.

Fundi asipime kila mlango kwa futi na penseli. Atengeneze kiolezo: kipande cha plaiwudi chenye ubao mdogo wa kuegemea ukingoni, na matundu mawili yaliyotobolewa mara moja kwa uangalifu. Kikikosea, milango yote inakosea sawasawa na jicho halioni. Ukipima mlango mmoja mmoja, tofauti ya milimita mbili kati ya milango jirani inaonekana tangu mlangoni. Kiolezo kiandikwe KUSHOTO upande mmoja na KULIA upande wa pili. Kosa ghali kuliko yote ni kugeuza mlango na kutoboa upande wa bawaba. Kwenye mbao unaweza kuziba kwa kijiti na gundi, ukapiga msasa na rangi. Kwenye melamini tundu lile halifi. Utaishia kununua mlango mwingine.

Na kabla keekee haijawashwa, fungua droo zote za kwenye kona kwa pamoja. Jiko la umbo la L lina droo mbili zinazokutana pembeni, na kila kishikio kinachomoza milimita 30 hadi 40. Kama kati yao hakuna kipande cha kujazia cha angalau milimita 50, ya kwanza ikifunguka inagonga kishikio cha ya pili, na siku nyingine haifunguki kabisa. Mlango ulio karibu na ukuta nao unagonga kishikio ukutani kabla haujafika nyuzi 90, kwa hiyo trei za ndani hazitoki. Bafuni angalia mlango wa chumba chenyewe: ukifunguka ndani, unapiga kabati la sinki kwenye kishikio, na kila siku ni alama mpya kwenye rangi. Jaribio ni rahisi: shikiza kipande cha mbao chenye unene sawa na uchomozaji wa kishikio kwa selotepu, fungua na funga kila kitu.

Idadi ihesabiwe kwa mlango na droo, si kwa kabati, kisha ongeza viwili. Rangi ya shehena ya mwezi ujao haitalingana na hii, hasa ya dhahabu na nyeusi. Kuhusu kulinganisha na koki, tunakubaliana na makala yenu kwa neno moja tu: vikishindikana kulingana kabisa, viwe tofauti waziwazi. Dhahabu mbili zinazokaribiana zinaonekana kama kosa.

Kwa wauzaji wa Kariakoo na kwingineko tuna ombi dogo. Bandikeni kwenye kila sampuli ukutani karatasi yenye maneno manne: umbali wa matundu, unene wa mlango unaofaa kwa skrubu iliyomo, uchomozaji, na madini. Na fundi asianze kutoboa milango ambayo kishikio chake bado kiko dukani au "kinakuja na basi". Na nyinyi, Mhariri, mkichapisha tena picha ya kishikio kizuri, tafadhali chapisheni na ya mgongo wake, rula ikiwa imelala juu ya matundu.

Wenu,
Mafundi wa makabati,
Keko, Dar es Salaam